Lori la Bwana Hamza, Moja kwa Ishirini

Jumatatu, 1 Septemba

Nimetoa maji kwenye tangi la kompresa. Nimesafisha sindano ya bunduki ya rangi. Nimechanganya rangi na maji yake, nusu kwa nusu. Nimepiga. Imeziba. Nimefungua, nimesafisha, nimerudisha, nimepiga. Imeziba. Kufika saa nne jua limeshawaka juu ya mabati na eneo lote nililopaka halijai kiganja.

Hii bunduki ndogo ya rangi, airbrush wanavyoiita, ilikuja kwa kifurushi kutoka Nairobi wiki jana. Unaishika kama kalamu. Tundu lake ni milimita 0.3. Bunduki yangu ya malori ilikuwa na tundu la 1.4, na nayo nimepaka trela, matangi ya mafuta na mabasi ya shule kando ya barabara hii ya Mombasa, hapa Kambu, miaka ishirini na miwili. Leo nimeshindwa na mlango wa lori ambao haupiti kidole changu. Lori zima, la mfano nililolichonga, lina urefu wa sentimita 36.

Nina hasira. Naandika ili itoke mkononi, maana mkono ukitetemeka rangi inajua.

Jumatano, 3 Septemba

Nimepita mbele ya banda la kupaka malori kununua maziwa. Mdogo wangu Mutua amefuta jina langu kwenye kibao. Ameandika lake.

Banda hili nililisimamisha mimi. Nguzo nilikata mimi. Huyu mdogo wangu nilimtoa kijijini Nuu akiwa hajui tofauti ya praima, rangi ya chini, na rangi ya mwisho, nikamfundisha kila kitu. Mwezi wa tano daktari alinipa mrija nipulize, akaangalia namba, akasema haya ni mapafu ya mtu wa miaka sabini. Nina arobaini na minane. Malori basi, akasema. Nikamuuliza, na kitu kidogo je? Rangi ya maji, dirisha wazi? Akasema sawa, lakini kwa barakoa yenye vichujio, si leso. Mutua akachukua banda kesho yake. Mimi nimebaki na stoo ya nyuma na kompresa ya zamani.

Na hata kufuta jina hajui. Hakupiga praima. Ukisimama upande wa jua, MUSYOKI linaonekana chini ya jina lake kama kovu.

Nimefurahi kidogo.

Jumamosi, 6 Septemba

Lori hili ni la Bwana Hamza wa Mwingi. Ana malori saba na yote nimeyapaka mimi. Lile la kwanza kabisa, la kijani lenye mstari wa rangi ya maziwa, liliuzwa kama vyuma chakavu zamani. Aliposikia habari za mapafu alipita hapa, akaona kigari nilichokuwa nimechonga kupoteza muda. Akakigeuza juu chini, akapuliza magurudumu. "Nifanyie lile la kwanza, fundi," akasema. "Na usiniletee lori jipya. Niletee lile lililokuwa linatoka Nuu." Atalichukua mwisho wa Oktoba.

Kuchonga hakunishindi. Nimetumia vipande vya ule ubao laini wa plastiki wa watu wa mabango. Moja kwa ishirini. Milimita moja ya kosa hapa ni sentimita mbili barabarani, kwa hivyo sikukosea. Kabini, bodi, ngazi, kulabu za turubai. Vyote viko sawa.

Rangi ndiyo inanitukana. Nikipiga, inafika imekauka. Inakaa juu ya plastiki kama unga. Ukipitisha kidole ni msasa. Nimebadilisha rangi, nimeongeza maji, nimepunguza maji. Nimemlaani aliyeniuzia. Nimelaani upepo huu wa Septemba unaotoka sijui wapi na vumbi lake.

Mutua alichungulia akiwa na chapati mkononi. "Mkubwa, hii matatu ya panya itaanza kubeba lini?"

Vijana wake wakacheka. Wawili kati yao niliwafundisha mimi.

Jumapili, 7 Septemba

Kanisani mchungaji ameniita mbele niombewe. Watu wakanyoosha mikono. Akasema ndugu yetu ambaye Bwana amemwondolea kazi ya mikono yake. Nilitaka kumwambia mikono iko hapa, mapafu ndiyo mabovu, omba vizuri. Mke wangu Ndinda alinikanyaga mguu kabla hata sijafungua mdomo.

Baada ya ibada nimejua ni nani alipeleka habari. Mutua. Na si kanisani tu. Amempigia simu Mwaitu, mama yetu, kule Nuu. Amemwambia nimekaa stoo nachezea vigari kama mtoto, nazidi kuharibika. Mwaitu amenipigia mchana. Ameshaamua. Hilo lori la mtu wa Mwingi lisipochukuliwa mwisho wa Oktoba, narudi nyumbani kuchunga mbuzi, na stoo inakuwa ya Mutua.

"Mbuzi hawapulizi rangi," akasema.

Neno la Mwaitu halijawahi kurudi nyuma katika nyumba ile. Nina lori la kumjibu.

Alhamisi, 11 Septemba

Kosa la kwanza nimelipata. Nilikuwa naendesha hewa kwa 60 kwenye geji, kama lori. Rangi ilikuwa inakimbia juu ya plastiki ikiota miguu kama buibui. Nimeshusha hadi 20. Buibui wamekufa. Tundu bado linaziba lakini si kila dakika.

Unga bado upo. Nimejaribu vipande kumi na kitu vya majaribio. Vyote msasa. Nimevitupa vyote uani na mbuzi wa jirani amevinusa akaondoka. Hata mbuzi.

Jumanne, 16 Septemba

Ndinda aliingia kufagia kabla jua halijapanda. Akanyunyiza maji sakafuni kwa mkono kama anavyofanya jikoni kila siku. Nikataka kumfukuza kwa sababu ya unyevu, halafu nikaona vumbi limelala lote. Hewa ikawa nzito. Nikachukua bunduki haraka nijaribu.

Nafuu. Si kamili, lakini nafuu.

Yeye amesimama na ufagio, ananitazama. "Mbona unaipaka ukiwa mbali hivyo? Kwani inauma?"

Nikamwambia hii ni kazi, yeye haijui. Akatoka na ufagio wake. Nikabaki nimeshika bunduki hewani. Nikachukua rula nipime, ili nimwonyeshe.

Sentimita 25. Ndio umbali wa mkono wangu. Kwa lori ndio umbali sahihi, mkono unaujua bila kuuliza, nimewafundisha wengi hivyo. Shubiri na kidogo. Lakini lori hili ni moja kwa ishirini. Ishirini na tano mara ishirini ni mia tano. Mita tano.

Wiki hizi zote napaka lori nikiwa nimesimama ng'ambo ya barabara.

Rangi inakauka njiani kabla haijafika. Si rangi mbaya. Si upepo. Si yule wa Nairobi. Ni mkono wangu, huo huo ninaojivunia.

Nimekasirika hadi nimeshindwa kula githeri. Ndinda hajui ni kwa nini na sijamwambia. Sitamwambia leo.

Ijumaa, 19 Septemba

Sentimita 5. Hewa 18. Sakafu imenyunyizwa. Alfajiri, kabla upepo haujaamka.

Kijani kimelala juu ya kabini kimelowa, kikanyooka chenyewe, kikakauka kama ngozi ya embe bichi. Pazia la kwanza la rangi, jepesi hadi plastiki inaonekana. Pazia la pili. La tatu. Hapa ndipo bunduki kubwa ilikuwa imenidanganya: kwa lori unajaza. Kwa hili, ukijaza, rangi ya unene wa karatasi inakuwa plasta ya ukuta. Kingo za mlango zinamezwa.

Kila sekunde mkono unataka kurudi nyuma. Nimefunga kijiti cha sentimita 5 kwenye mdomo wa bunduki, kikigusa lori nijue nimefika. Fundi wa miaka ishirini na miwili anaongozwa na kijiti cha kiberiti.

Nimemwambia Ndinda alikuwa sawa. Akasema anajua. Akauliza kama sasa nitakula.

Alhamisi, 25 Septemba

Mstari wa maziwa umekaa. Sasa vumbi.

Maisha yangu yote nafuta vumbi kabla ya kupaka. Sasa nalipaka. Bwana Hamza alisema lile linalotoka Nuu, na barabara ya Nuu naijua, nimezaliwa kando yake. Vumbi lake ni jekundu lenye kijivu. Linapanda kutoka magurudumuni, linakaa zito chini ya mlango, linapungua kuelekea kioo, halafu nyuma ya bodi linajaa kabisa kwa sababu lori linajivutia vumbi lake lenyewe.

Nikajiona mjanja. Nilikuwa na mfuko ambao Mwaitu alifungia viazi, udongo umebaki chini. Udongo wenyewe wa Nuu. Nikauponda, nikauchekecha kwa chujio la chai la Ndinda, nikauchanganya na rangi.

Tundu la milimita 0.3. Limeziba hadi ndani kabisa. Sindano imepinda nikiitoa. Nimeinyoosha kwa kuiviringisha juu ya kioo, mchana mzima. Chujio limeharibika. Ndinda ananiangalia tu. Chai ya jioni imekuwa na majani.

Ujinga. Punje moja ya udongo mara ishirini ni jiwe. Nani amewahi kuona lori lililofunikwa kwa mawe?

Jumanne, 30 Septemba

Vumbi limekubali. Rangi tatu: ya tofali, ya kijivu, tone la njano. Maji mengi, rangi kidogo, hewa 12. Unapita kama unapumulia kioo. Unapita tena. Unaacha. Kazi yote ni kujua kuacha.

Nilitoka nikakaa nje kidogo, nikarudi ghafla ili macho yashtuke. Lilikuwa lori. Lilikuwa limetoka Nuu.

Mutua alikuja kuomba kuazima msasa. Akaliona. Hakusema panya. Alisimama muda mrefu kuliko msasa ulivyohitaji.

Jumatatu, 6 Oktoba

Naandika polepole nisitoboe karatasi.

Nilienda kliniki Makindu kupuliza mrija tena. Namba zile zile. Angalau hazijashuka. Nimerudi saa nane mchana. Mlango wa stoo wazi. Harufu ya thina, kiyeyushi cha rangi, inasikika kutoka barabarani.

Kabini imeyeyuka.

Paa limelala kama ndizi iliyoiva sana. Kijani kimekunjamana. Vioo vimekuwa na ukungu. Vumbi langu la siku tano limekuwa tope linalong'aa.

Mutua amesimama pale, bunduki kubwa mkononi. Dereva wa Bwana Hamza alipita, akasema bosi anaweza kuja mapema. Mutua akaona lori halina mng'ao. Akalipiga klia, rangi ya kung'arisha. Ile klia ya magari, yenye thina kali, juu ya plastiki. "Nilitaka ing'ae, mkubwa. Uliiacha chafu. Nikasema nikusaidie."

Uliiacha chafu.

Sikumpiga. Nataka iandikwe mahali kwamba sikumpiga. Nilimwambia atoke. Akaanza, "Mkubwa, haki ya Mungu." Nikamwambia toka. Vijana wote wakaacha kazi. Nilisema maneno mengine kuhusu nani alimtoa Nuu, na kwamba ningemwacha huko huko na mbuzi. Niliyasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa wauza matikiti. Halafu pumzi ikaisha na nikalazimika kushika ukuta, na yeye akaja kunishika, na nikamsukuma.

Sijui alitaka kusaidia au kuharibu. Yote mawili yananitosha kumchukia.

Jumanne, 7 Oktoba

Sijafanya kitu. Nimeangalia ukuta.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mwaitu amepiga. Mutua amemwambia mwenyewe alichofanya. Sikutegemea. Mwaitu ameuliza kama lori litakuwa tayari. Nikasema bodi iko nzima, kabini ndiyo imekufa. Akasema mwisho wa mwezi ni mwisho wa mwezi.

Nimepanga. Kuchonga kabini mpya siku nne. Rangi siku mbili. Vumbi, nikijua ninachofanya, siku mbili. Inaingia hata Bwana Hamza akija mapema, kama hakuna kosa. Hakuna nafasi ya kosa hata moja.

Nimeweka kufuli mlangoni. Mutua aliliona nikilifunga. Vizuri.

Jumatatu, 13 Oktoba

Kabini mpya imesimama. Nzuri kuliko ya kwanza, na hilo pia linanikera, kwa sababu najua Mutua ataambiwa na atasema, si unaona?

Hatuongei. Ndinda anabeba salamu kama tarishi. Amechoka. Amesema akiwa na ndugu kama sisi angehamia Mombasa kwa miguu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Kijani tayari. Maziwa tayari. Vumbi nusu.

Nikiwa kimya, sentimita 5 kutoka mlangoni mwa lori, nimekisikia kupitia mabati. Kikohozi. Kikavu. Mara tatu, kimya, halafu kimoja peke yake kama mtu anayebisha hodi. Halafu bunduki kubwa ikaendelea kulia.

Nakijua. Kilikuwa changu mwaka jana.

Nilizima kompresa nisikilize vizuri. Kikarudi. Tatu, kimya, kimoja. Nikachungulia. Anapaka trela akiwa na leso mdomoni, imefungwa nyuma ya shingo vile nilivyokuwa nafunga mimi. Mafundi wote wa hapa tunafunga hivyo.

Sasa hata kukasirika kwa amani siwezi.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa lakini malori hayajui sikukuu. Nimemaliza. Vumbi la mwisho limekaa saa mbili asubuhi. Nimesafisha bunduki ndogo, nimevua barakoa yangu ya vichujio viwili, nimebadilisha vichujio vikawa vyeupe, vipya. Nikavuka uani hadi bandani kwa Mutua.

Maneno ya kwanza tangu siku ile.

"Vaa."

"Ya nini? Nikae kama nzi?"

"Vaa."

"Mkubwa, wewe umepaka miaka ishirini na miwili na leso tu."

"Ndiyo. Na sasa napaka matatu ya panya."

Vijana walianza kucheka, wakaacha katikati. Mutua akaiangalia ile barakoa, hakuishika. Nikaitundika kwenye msumari wa nguzo, nikaondoka. Alipiga trela lote na leso yake. Nilisikia kila kikohozi.

Mjinga. Mjinga kabisa. Nimemfundisha kila kitu.

Sijamsamehe. Barakoa si msamaha. Ni barakoa.

Ijumaa, 24 Oktoba

Bwana Hamza amekuja mwenyewe, kanzu nyeupe, na dereva wake. Ndinda amewapa chai, na chujio jipya. Mutua alikuja akasimama mlangoni bila kuitwa. Nikamwacha.

Nililiweka lori juu ya meza karibu na dirisha. Bwana Hamza aliweka chai yake chini. Alizunguka meza. Akainama akaangalia kulabu za turubai. Akahesabu ngazi. Halafu akapitisha kidole chini ya mlango, pale vumbi ni zito, akainua kidole akakitazama.

Kilikuwa safi.

Akakitazama tena. Akakifuta kwenye kanzu hata hivyo.

"Hili ndilo lililonifikisha hapa," akasema. Hakuwa anamwambia mtu yeyote. Baadaye, akiwa ameshalifunga kwenye shuka, akaniambia nianze la pili, lile la bluu, na kaka yake wa Kitui pia atanitafuta, yeye alikuwa na basi.

Mutua alinisaidia kubeba sanduku lenye lori hadi kwenye gari. Tulitembea hatua kwa hatua. Alipoweka upande wake chini akakohoa, akageuza uso.

Nimempigia Mwaitu. Akauliza, limeenda? Nikasema limeenda. Akasema basi mbuzi atamwachia mtoto wa jirani, na mimi nisijione.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mawingu upande wa Chyulu. Hakuna upepo.

Nimetoa maji kwenye tangi. Nimenyunyiza sakafu mwenyewe, Ndinda yuko sokoni. Nimekata ubao wa lori la bluu, vipande vya sakafu kwanza. Kufuli sijalitoa mlangoni lakini leo sijalifunga.

Nilipita bandani asubuhi kabla hawajafungua. Kibao bado ni chake, na jua likiwa upande ule bado ni changu chini yake. Lile lori alilopaka Jumamosi limesimama likikauka. Njano, ya kampuni ya sementi. Amelipiga vizuri. Halina mchirizi hata mmoja.

Barakoa ilikuwa kwenye msumari ule ule, imetundikwa kama nilivyoiacha, kamba zimeelekea ukutani.

Vichujio vimekuwa njano.

Nimeagiza jozi nyingine nne.